Uzi: Mauaji ya bibi zetu Usukumani yanafuata njaa, mashamba na moshi wa jikoni

Mjukuu wa Meatu (mleta uzi)

Salaam kwenu wanajamvi. Kila unapoanzishwa mjadala wa uhalifu wa kutumia nguvu hapa jamvini, mazungumzo huelekea mjini: Panya Road wa Dar es Salaam, ujambazi wa silaha, vijana wasio na kazi. Leo naomba tugeukie vijijini, kwenye mauaji yaliyodumu kwa zaidi ya nusu karne na yasiyohitaji bunduki, kwa kuwa panga la kufyekea linatosha. Nazungumzia wanawake wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi katika nchi ya Wasukuma na majirani zao. Mimi ni mzaliwa wa Meatu, wilaya iliyokuwa Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, na nililelewa na bibi mzaa baba ambaye macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipopata akili.

Nianze na hayo macho. Jiko la bibi lilikuwa kijumba cha udongo chenye mlango mfupi wa kukulazimu uiname, kisicho na dirisha, na moshi wake ulitafuta njia kwenye nyasi za paa. Kuni nzuri hazikuwepo, kwa sababu sehemu kubwa ya mapori ya Usukuma ilifyekwa, kwanza kwa kuwafukuza mbung'o zamani za mkoloni, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho. Tulipikia mashina ya pamba baada ya mavuno, na yalipokwisha tulipikia samadi iliyokaushwa. Aliyewahi kukaa karibu na moto wa samadi anajua unavyofuka. Namkumbuka bibi akipuliza moto, akiinuka, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akiinama tena kabla ugali haujashika chini, na hivyo ndivyo alivyofanya asubuhi na jioni kwa zaidi ya miaka 50. Macho ambayo mganga yeyote wa zahanati angeyatambua kuwa yameumizwa na moshi, kijijini yalihesabiwa kuwa alama ya mchawi.

Haya si mambo ya kijiji kimoja. Takwimu za serikali za kati ya mwaka 1970 na 1984, ambazo mwanasosholojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezichambua, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake, na Mwanza na Shinyanga zilikuwa mbele kuliko mikoa mingine yote. Miaka mingi baadaye, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti watu 765 waliouawa mwaka 2013 pekee, kati yao wanawake 505. Serikali ilikwishajaribu nguvu mapema: mwaka 1976 watu wengi walikamatwa Mwanza na Shinyanga wakihusishwa na mauaji haya, wakateswa, baadhi wakafia mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji, na ndiyo sababu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977. Tunamsifu kwa kuwajibika, na ni haki yake. Lakini mauaji yenyewe hayakukoma, kwa sababu mateso yale hayakugusa hata chanzo kimoja.

Sasa chanzo ni nini? Jibu la haraka, ambalo utalisikia kwa kamanda wa polisi na kwa mhubiri vilevile, ni "imani potofu". Sisemi imani haipo. Nasema kwamba imani ile ipo mwaka wote na kila mwaka, ilhali mauaji hayapo kwa kiwango kilekile kila mwaka, na hapo ndipo swali linapopaswa kuanzia. Mchumi Edward Miguel alifanya utafiti katika vijiji 67 vya wilaya yangu ya Meatu na kuutoa mwaka 2005. Aliweka kumbukumbu za mvua kando ya kumbukumbu za mauaji, akaona kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa, wanaouawa kwa tuhuma za uchawi huwa mara mbili ya wanaouawa miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine, kama yale ya ugomvi au ya wizi wa ng'ombe, hayakuongezeka katika miaka hiyo. Aliona pia kwamba waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na kwamba kwa kawaida waliouawa hivyo waliuawa na jamaa zao.

Nawaomba msipite hapo haraka. Kama hofu ya uchawi peke yake ndiyo ingekuwa inaua, tungetarajia mauaji yapande zaidi wakati wa magonjwa ya mlipuko, kwa kuwa kifo cha ghafla cha mtoto ndicho kinachowapeleka watu wengi kwa mganga. Lakini katika utafiti ule magonjwa ya mlipuko hayakuleta ongezeko hilo. Lililoleta ongezeko ni ghala tupu. Familia inapobakiwa na debe mbili za mtama na vinywa kumi, mtu asiyeweza tena kulima lakini anakula, tena amekalia ekari kadhaa alizoachiwa na marehemu mume wake, huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Naandika maneno haya kwa uzito, kwa sababu nimeyaona nyumbani kwetu.

Mwaka wa njaa wa 2006, baada ya mvua kutonyesha, ng'ombe saba wa baba yangu mdogo walikufa ndani ya mwezi mmoja. Alikwenda kupiga ramli. Mpiga ramli hakutaja jina, na hao huwa hawataji. Alisema tu kwamba anayemfunga ni "mwanamke mzee, mjane, mlango wake unatazama machweo, na macho yake hayalali". Kijiji kizima kilikuwa na mjane mmoja ambaye mlango wake ulitazama machweo. Wiki moja baadaye tulikuta karatasi ya daftari imesukumwa chini ya mlango wa bibi, imeandikwa kwa penseli: aondoke kabla ya kuvuna. Ilibidi nimsomee mimi, kwa kuwa hakujua kusoma.

Muuguzi wa Kahama

Ndugu mleta uzi, pole sana, na asante kwa bandiko hili. Nimefanya kazi katika zahanati za vijijini kwa miaka kumi na minne na nathibitisha uliyosema kuhusu macho. Wazee wengi wa kike waliofika kwangu walikuwa na macho yaliyochubuliwa na moshi, na baadhi walikuwa na trakoma ya muda mrefu ambayo kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho. Wengine waliomba dawa ya kuondoa wekundu kabla hawajaniambia kwamba wanaumwa. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kwao kile kitone cha dawa kilikuwa ulinzi wa maisha yao.

Hata hivyo naomba nitofautiane nawe kidogo. Wagogo wamepata njaa nyingi kuliko Wasukuma, na huko hatujasikia vikongwe wakikatwa mapanga kwa kiwango hiki. Kama njaa ndiyo sababu, kwa nini iue Meatu na isiue Dodoma kwa namna hiyohiyo? Nadhani unaishusha imani mno.

Mjukuu wa Meatu

Dada Muuguzi, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Utafiti uleule nilioutaja ulionyesha kwamba mauaji yalikuwa mengi zaidi katika vijiji ambako wafuasi wa dini za mababu walikuwa wengi. Kwa hiyo imani ina nafasi yake, nami naikubali. Ninalopinga ni kuifanya imani iwe jibu zima, kwa sababu hata Wasukuma wenyewe hawakuwaua vikongwe kwa wingi huu katika vizazi vyote. Kuna mambo yaliyobadilika, na yana tarehe.

Zamani tuhuma za uchawi zilipelekwa kwa mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Mtemi aliweza kutoza faini, kupatanisha, au kumhamisha mtuhumiwa kwenda nchi nyingine. Hukumu zake hazikuwa za haki kila mara, na wapo walioteswa, lakini jambo lilikuwa na mahali pa kusemewa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na mahakama zilizochukua nafasi yake, kwa sababu zinazoeleweka, hazisikilizi shauri la kwamba fulani kaniroga. Mwenye hofu akabaki na mpiga ramli peke yake.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Msukuma wa zamani aliishi katika boma lake, mbali na jirani, na akihisi kwamba anachukiwa au anarogwa, alihama na ng'ombe wake kutafuta ardhi mpya. Operesheni ilimtoa huko ikampanga mstari mmoja na watu asiowachagua, tena akiwa na kinyongo cha kuvunjiwa nyumba. Sisemi kwamba shule na visima tulivyopata vijijini havikuwa na maana. Mimi mwenyewe nimesoma kwenye shule hizo. Nasema kwamba njia ya kale ya kupunguza uhasama, ambayo ilikuwa kuondoka tu, ilifungwa, na hakuna aliyefikiria kuweka nyingine mahali pake.

Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tukapata Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu Sungusungu walitusaidia sana dhidi ya wezi wa mifugo wakati polisi walikuwa mbali au wamenunuliwa, na mwaka 1989 sheria iliwatambua. Lakini katika maeneo mengi waliwafukuza pia wanawake waliotuhumiwa uchawi, na jambo ambalo halijanitoka moyoni ni hili: usiku mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa kwa sababu ya ng'ombe aliyeibwa, wanaume wote wa vijiji vitatu wanakuwa wamefika kabla ya jogoo wa kwanza. Usiku alipouawa jirani yetu, mama mzee aliyekuwa akiuza matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mnadani, watu walisikia makelele yake na mwano haukupigwa.

Wakili wa Kanda ya Ziwa

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu nao umo kati ya mambo ya kijamii tunayoyatafuta. Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya mwaka 1928. Inamtia hatiani anayejifanya ana nguvu za uchawi na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na ndiyo maana wapiga ramli hutumia mafumbo kama hayo ya "mlango unaotazama machweo". Lakini sheria hiyohiyo inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi aishi mahali fulani. Mwanakijiji anayeona bibi amehamishwa kwa amri ya serikali atahitimisha nini, kama si kwamba serikali nayo imeamini?

Kuhusu ardhi, tatizo lina maandishi rasmi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo ni Tangazo la Serikali namba 436, linasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao katika nyumba walizoishi na waume hao, walifungua shauri kupinga kanuni hizo. Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2006 kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Kwa hiyo bibi anayebaki shambani baada ya kufiwa yupo pale kwa hisani ya ukoo. Nimesimamia mashauri ya mauaji ya namna hii, na mara zote, nikichimba jalada, nimekuta mgogoro wa mpaka, wa mahari au wa urithi umetangulia tuhuma kwa miaka miwili au mitatu.

Na kwa wale wanaodhani kwamba kuamini uchawi kunamwokoa muuaji: mahakama zimeshikilia tangu enzi ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwamba kuamini tu kuwa marehemu alikuwa mchawi si utetezi. Tatizo letu kubwa ni ushahidi. Wakata mapanga hukodiwa kutoka mbali, mtoa fedha ni mwanaukoo, na shahidi pekee mara nyingi ni mjukuu wa miaka minane aliyekuwa amelala chumba kimoja na marehemu.

Binti Ganze

Nawasalimu kutoka Kilifi, Kenya. Nimesoma uzi huu na mwili umenisisimka, kwa sababu kwetu Pwani ni jambo lilelile lenye sura tofauti. Huku mara nyingi anayeuawa ni mzee wa kiume, na alama si macho bali ni mvi. Tuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa woga wa watoto wao wenyewe. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia, na ukikaa nao chini ya mwembe ukawauliza mmoja mmoja, wengi wataanza simulizi kwa shamba. Mzee hataki kuuza, kijana anataka fedha ya pikipiki au mnunuzi ameshakuja na gari; kisha mtoto mmoja wa ukoo anaugua, na tuhuma inapata mahali pa kutua.

Nimeona jambo moja la kunipa mashaka kuhusu hoja ya njaa peke yake. Kwetu bei ya ardhi ikipanda, wazee nao huwa hatarini. Kwa hiyo si umaskini tu. Hata fedha inapoingia ghafla, mwenye mali asiye na nguvu za mwili yumo mashakani.

Mjukuu wa Meatu

Dada yangu wa Ganze, umenipa jambo ambalo sikulifikiria, na nadhani linaunganisha hoja zetu. Kwenu ni mwanamume kwa sababu ndiye mwenye ardhi. Kwetu ni mjane kwa sababu ardhi ipo mikononi mwake bila kuwa yake. Mtu anapokuwa amesimama kati ya ukoo na mali, halafu hana mtetezi, hatari inamfuata yeye.

Mkulima wa Bariadi

Nimewasoma wote kwa heshima. Mimi ni mzee wa miaka 63, na nitasema wazi kwamba wachawi wapo. Nimezaliwa nikikuta hivyo. Lakini nimezika wanawake wanne wa kijiji changu waliouawa kwa mapanga, na hakuna hata msiba mmoja kati ya hiyo minne ambao baada yake mvua ilinyesha au ng'ombe walipona. Vijana wanaokodiwa wanalipwa fedha kidogo sana, wakati mwingine bei ya ndama. Swali langu kwa mleta uzi: tufanye nini ambacho hakisubiri watu waache kuamini?

Mjukuu wa Meatu

Mzee wangu wa Bariadi, shikamoo, na nashukuru kwamba umesema hivyo hadharani, kwa sababu sauti yako itasikilizwa mahali ambapo yangu haifiki.

Jambo la kwanza ninaloliamini ni pensheni ya wazee wote. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Bara hatuna malipo ya namna hiyo. Tuna TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, kwa kaya zilizoteuliwa, nayo haimfikii kila bibi. Miguel alitazama pia mikoa ya kaskazini ya Afrika Kusini, ambako mauaji ya namna hii yalipungua baada ya pensheni ya wazee kuwafikia Waafrika weusi kikamilifu mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona kwamba fedha ile huenda ilimgeuza bibi kutoka mzigo kuwa mtu ambaye familia inataka aishi. Hoja hiyo inanigusa kwa sababu najua jinsi noti mbili za elfu kumi mwisho wa mwezi zingempa bibi yangu uzito katika nyumba ya mwanawe.

Jiko nalo lina nafasi. Mashirika ya wazee, yakiwemo HelpAge na vikundi vya Magu, yamefundisha akina mama kujenga majiko sanifu ya udongo yenye bomba la kutolea moshi nje. Udongo upo, na kazi yake ni ya siku mbili. Mti wa kuni pia: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa yapumzike, katika vijiji vingi, na kila ngitili inayopona inapunguza samadi jikoni. Kuhusu wapiga ramli, tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inayotaka waganga wasajiliwe, na mwaka 2015 serikali iliwakamata zaidi ya waganga 200 kwa wakati mmoja wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Msako wa mwezi mmoja hautoshi. Julai 2017 wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto Nzega, miaka miwili tu baada ya msako ule.

Tena kuna kazi ambayo ni ya kwetu wenyewe, wana na wajukuu tulioko mijini. Tunatuma fedha ya mbolea kwa baba mdogo na hatuulizi bibi analala na nani.

Muuguzi wa Kahama

Ndugu, umetuachia simulizi ya bibi njiani. Baada ya ile barua ilikuwaje?

Mjukuu wa Meatu

Dada, nilikuwa nasitasita kuimaliza. Baba alikuja kutoka Shinyanga mjini siku ya tatu na gari la kukodi, tukampakia bibi na godoro lake na kuku watano, akahamia kwa shangazi. Baba na baba mdogo hawakusemezana tena hadi baba alipofariki. Mtu aliyeandika barua hatukumtaja, ingawa penseli ile ilikuwa ya mtoto wa shule na hati niliitambua.

Kwa shangazi walipikia mkaa, barazani, mahali penye upepo. Nilipokwenda likizo baada ya miezi minane, macho ya bibi yalikuwa meupe kuliko nilivyowahi kuyaona. Hayakupona kabisa, lakini mtu asiyemjua asingeona jambo la ajabu. Alifariki mwaka 2011 kitandani, kwa ugonjwa wa moyo.

Shamba lake la ekari nne lililimwa na baba mdogo msimu uleule alioondoka. Bibi alinipigia kwa simu ya shangazi akaniuliza wamepanda nini, nikamwambia ni dengu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mkwaju wake wameuacha.

Walikuwa wameukata.